Vitabu Vinne, Maneno Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali. Jamani, wamekubali!

Barua ya Mhariri imeingia saa nne asubuhi, mimi niko chini kwenye ghala la maktaba nabandika lebo kwenye vitabu vya ufugaji wa kuku. Ndiyo kazi niliyopewa tangu somo la Kilatini lifutwe. Mwalimu mzima! Miezi miwili nastaafu, na nilishajua nitatoka kama nilivyoingia, mikono mitupu, na ile saa ya ukutani wanayompa kila mtu.

Sasa nitakuwamo ndani ya Kamusi ya Wasomi wa Kale. Mistari kumi na minne. Na chini ya kila ingizo huwa wanaandika jina la mgunduzi, jina zima. Langu halijawahi kuchapwa popote isipokuwa kwenye kadi ya harusi, na harusi yenyewe ndiyo ile.

Niandike vizuri, maana nimesubiri miaka kumi na moja kuyaandika haya. Mzee Vipande ni mtu mmoja, si wawili. Mimi ndiye niliyembatiza hivyo, kwa sababu vipande ndivyo alivyobakiza. Mrumi, mtumwa aliyeachwa huru, akawa mwalimu, akaandika vitabu vinne juu ya majina ya zana za shamba. Vyote vimepotea. Yamebaki maneno kumi na moja, mwandishi mwingine aliyadokoa miaka mia tatu baadaye. Kumi na moja! Karatasi ya dawa ya kikohozi ina maneno mengi kuliko hayo. Halafu kuna mwandishi wa pili, anamtaja mwalimu mwenye jina hilohilo, mtumwa wa zamani wa ukoo wa wauza nguo, lakini hasemi kama aliandika kitu. Wataalamu wote wakakata shauri: hao ni watu wawili waliofanana majina. Tangu babu zao, mmoja ananakili kwa mwenzake.

Na mimi nikaliona jiwe. Jiwe la kaburi, limo kwenye orodha ya mawe aliyoichapisha padri mmoja zamani, ukurasa wa 212. Jina lile. Ukoo wa wauza nguo. Mwalimu. Na mstari wa chini: aliandika vitabu vinne, mkewe amemjengea. Kwisha maneno! Hakuna mtu duniani aliyewahi kuviweka pamoja. Mimi wa kwanza.

Nimeenda chooni nimelia kidogo, nimenawa uso, nimerudi kwa kuku wangu.

Jumanne, 4 Machi

Furaha ya maskini haidumu.

Mhariri kaleta masharti. Mimi namwita Bwana Koma, kwani aliwahi kunirudishia barua mara tatu kwa ajili ya koma moja. Anataka picha ya ukurasa 212 kutoka kwenye kitabu chenyewe. Ukurasa mzima, kingo zote nne zionekane, rula ilazwe kando. Fotokopi hataki. Nimempigia. Anasema mwaka juzi mtu aliwaletea fotokopi aliyoiunga kwa mkasi na gundi, wakachapa, wakachekwa na dunia nzima. Sheria ni msumeno, dada. Mwisho Alhamisi tarehe 13, Ijumaa mitambo inawashwa.

Mimi miaka yote nimefanya kazi na fotokopi. Binti yangu, kitinda mimba, ndiye aliyenitolea, wakati huo yuko shule. Mwenye mashine kapunguza karatasi, pambizo zote zimeliwa. Sikujali. Maandishi ya jiwe yapo, pambizo za nini?

Kitabu chenyewe kiko wapi? Kiko kwa yule bwana aliyekuwa mume wangu! Nakala nyingine ya karibu ni kuvuka bahari. Miaka kumi na miwili sijakanyaga nyumba ile, na niliapa sitaikanyaga.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwomba binti akanichukulie kitabu kwa baba yake. Kakataa. Mama nenda mwenyewe, baba anaumwa tangu mwaka jana na hujaenda kumtazama hata siku moja, kitabu ndiyo unakitaka?

Kaniumbua. Ni kweli. Alipopata kiharusi nilituma pole kwa simu, herufi nne, basi. Sikutaka kwenda. Watu wanadhani ni kwa sababu ya Bi Mdogo. Hata! Wanaume kuoa tena si habari. Ni kile kitabu chake, Faharasa. Kadi elfu sita niliandika kwa mkono huu, A mpaka Z, mtoto anadai sare yake ya shule, sufuria jikoni inaungua. Kilatini chake kilikuwa cha kuombea maji. Makosa nilisahihisha mimi. Kikatoka kitabu, jalada zuri, jina lake kubwa kama la duka. Na mimi? Ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho, baada ya mpiga chapa. "Namshukuru mke wangu kwa uvumilivu." Uvumilivu!

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kesho kutwa naenda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda.

Bi Mdogo kafungua mlango, mikono ina povu la sabuni. Karibu dada, karibu ndani. Dada! Nilijiandaa kwa kiburi, sikujiandaa kwa hilo. Nyumba safi. Kapunguza nywele, kachoka, macho mekundu. Mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili hana nafasi ya kumringia mtu.

Yeye yuko kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha. Kamekuwa kadogo! Lile bonge la mwanamume lililokuwa likijaza mlango. Mkono wa kulia umelala mapajani, mdomo umekwenda upande. Neno amebaki nalo moja tu, "ndiyo." Nikasema hujambo, ndiyo. Nikasema pole, ndiyo. Nikamuuliza (Mungu anisamehe, Bi Mdogo alikuwa ameingia jikoni) hivi ile Faharasa niliandika mimi au uliandika wewe? Ndiyo.

Vitabu vyake vimepangwa sakafuni kama matofali. Orodha ya padri ilikuwa juu kabisa, wala sikuhangaika. Nilipoinyanyua akaidaka kwa ule mkono mzima. Nguvu bado anazo! Akaishikilia, ananitazama, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mate yanamtoka. Nikasema moyoni: choyo hakikupooza. Nikavuta. Akavuta. Bi Mdogo akaja akamtoa vidole kimoja kimoja, akimbembeleza kama mtoto: dada anaazima tu, atarudisha.

Nimeondoka bila kunywa chai. Kitabu kwenye mfuko wa plastiki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuja na rula. Fundi picha wa maktaba kanipa nusu saa mchana wa leo. Nikakifungua mezani kwake.

Ukurasa 212. Pambizo ya kushoto. Penseli.

Nimemwambia fundi kamera yake ina ukungu, nitarudi. Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa, nimesema tumbo. Nipo nyumbani na kitabu.

Mwandiko wake, haufichiki, ule wa kukandamiza penseli kama anachimba. "Huyu ndiye yule wa vitabu vya zana. Mtu mmoja, si wawili." Na tarehe. Siku zote alitia tarehe, hata kwenye orodha ya sokoni. Miaka kumi na mitatu iliyopita, mwezi wa nane.

Mwezi wa nane! Tulikuwa bado tunakula meza moja. Mimi niko kwenye kadi za herufi M, jioni natia miguu kwenye beseni la maji ya moto, yeye yuko hapo mbele yangu na hiki kitabu. Amejua! Yule yule ambaye Kilatini chake ni cha kuombea maji. Akafunga kitabu, akaomba chumvi.

Kwa nini hakuliandika mahali? Uvivu. Alikuwa mvivu wa kumaliza, mwepesi wa kuanza. Angesema neno moja tu mbele ya wenzake, leo kila mtu angejua. Kaacha neno kwenye pambizo kama mtu anayeacha soksi sebuleni, mwingine aje aokote.

Nilitaka kusema kaniibia. Najaribu tangu asubuhi. Haiwezekani. Wakati ule mimi sikuwa nimewahi hata kumsikia Mzee Vipande.

Na tena. Hili nimelificha hata humu daftarini. Kwa nini nilimtuma binti akanitolee ukurasa wa 200 mpaka 220, na si kurasa nyingine? Miaka yote nasema ni pua yangu. Pua gani! Siku anafungasha nguo zake aende kwa Bi Mdogo, alisimama mlangoni akasema kuna jambo tamu kwenye mawe ya padri, mbele ya ukurasa wa mia mbili, litakufurahisha. Mimi nikamrushia kiatu. Lakini nilisikia.

Sasa nimeandika. Sijapata nafuu yoyote.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Bwana Koma. Nauliza tu, kwa kujua: msomaji wa zamani akiwa ameandika kitu pambizoni inakuwaje? Akauliza, ameandika nini? Nikasema hivi na hivi. Ana tarehe? Nikasema ngoja nitazame, kana kwamba sijaitazama mara mia. Akasema ikiwa tarehe yake imetangulia yako, jina ni la kwake, wewe tutakuandika mletaji. Imeletwa na fulani.

Mletaji! Kama mleta maziwa.

Akauliza, dada, kuna kitu unataka kuniambia? Nikasema la, ni swali tu. Akasema basi, nasubiri picha yako kesho kabla ya saa kumi, usituangushe.

Kazi ya miaka kumi na moja nimeifanya mimi. Yeye aliona, sawa. Kuona! Mimi ndiye niliyesoma kila mwandishi aliyewataja wauza nguo wale. Mimi ndiye niliyeonyesha kuwa miaka inalingana. Mimi ndiye niliyeandika kwa watu wa makumbusho barua kumi na saba ili nijibiwe tatu. Aliyeona bata akipita na aliyemkimbiza, akamchinja, akamnyonyoa, ni sawa hao? Na bado naogopa. Nikiweka jina langu nitakuwa nimefanya kama yeye. Nikiweka lake atakuwa kanila mara mbili, na mara hii amekaa tu kitini.

Nimemchukia yule mwanamume miaka kumi na miwili na chuki ilikuwa imenyooka, naijua kila kona. Sasa hata hiyo kaniharibia.

Alhamisi, 13 Machi

Saa sita. Rula ipo, simu ina chaji, mwanga mzuri hapa mezani. Nimenunua raba dukani kwa mpiga chapa, ile nyeupe laini ya wachoraji. Muuzaji anauliza ya mtoto? Nikasema ndiyo.

Saa saba kasoro. Bi Mdogo amepiga. Dada samahani sana, najua hujamaliza, ila tumekwama. Tangu Jumamosi mgonjwa hali chakula vizuri. Kumbe kila asubuhi alikuwa anamfungulia kitabu hicho, tena si popote, ukurasa uleule, na akikosea anapiga mkono wa kiti mpaka aupate. Anautazama kidogo, halafu anakunywa uji. Yeye Bi Mdogo hajui kusoma mambo hayo, alidhani ni dua. Sasa hana kitabu, kijiko hakipiti. Anasema leo kapata gari la jirani, anakuja kukichukua. Dakika ishirini.

Nimesema sawa.

Nimeanza na tarehe. Tarehe tu, nikajiambia, nione. Imetoka kirahisi ajabu. Bila tarehe hakuna aliyetangulia, ndivyo alivyosema Bwana Koma, au karibu na hivyo. Ningeweza kuishia hapo. Ila mwandiko ungeonekana kwenye picha na maswali yangeanza, ya nani, ya lini. Nimefuta "si wawili." Nimefuta "mtu mmoja."

Gari limesimama nje. Dirishani namwona Bi Mdogo anashuka, anazunguka upande wa pili, anafungua mlango, anainama. Amemleta! Jirani anamshika kwapa, wanamsimamisha. Kavaa shati jeupe la kutokea, lile la mahafali.

"Huyu ndiye" bado haijatoka. Na pale nilipokwisha kufuta, ukikiinamisha kitabu kwenye mwanga, mifereji ya penseli inasomeka yote, herufi kwa herufi. Alikuwa anakandamiza mno. Kwenye picha haitaonekana. Bwana Koma hataona kitu. Ila mtu anayeutazama ukurasa huu kila asubuhi—

Wanabisha hodi. Dada! Dada, fungua, amechoka kusimama.