Huyo Mume ni Wangu

Jumatatu, tarehe 9

Bado hawajanijibu. Mdalasini nimeuanika, nimekaa na simu. Zuhura mjukuu wangu ndiye alinifundisha: Bibi, bonyeza hapa, sema, inabaki humuhumu, hakuna anayesikia. Haya, nasema.

Zuhura kaolewa mjini mwezi uliopita. Harusi imeisha, grupu la harusi limebaki. Kizungu kitupu. Watu wa hapahapa Kinole, asubuhi wananiamkia shikamoo, wakiingia humo wanakuwa Wazungu. Eti sababu ya Salma, dada yake bwana harusi, kakulia Ulaya. Sawa. Mimi juzi nikatuma sauti: "Zuhura, mke mwenzangu, huyo Idrisa ni mume wangu. Wewe mpikie tu, kulala atalala kwangu." Bibi asiposema hivyo, aseme nani? Bibi yangu mimi alikaa juu ya mkeka wetu wa harusi, akagoma kutoka mpaka mume wangu akampa kanga. Nyekundu ile kanga. Ninayo mpaka leo.

Hata kicheko hakuna.

Jumatano, tarehe 11

Kumbe kuna mtu kamgeuzia Salma maneno yangu kwa Kiingereza. Utani ukabaki huku, maneno yakaenda peke yake. Salma kasema bibi gani huyu anataka mume wa mjukuu wake, aibu. Zuhura kapiga: "Bibi, nakuomba usitume tena. Wanaona vibaya."

"Na wewe umewaambiaje?"

Akasema chaji inaisha, akakata.

Imeniuma. Salma simjui. Zuhura nimembeba mgongoni.

Ijumaa, tarehe 13

Mvua imenyeshea mdalasini. Shauri langu, nilikuwa nawaza.

Nimekosea kidogo. Nimeingia kwa watu na utani wangu bila kupiga hodi. Yule mtoto wa watu labda hakuwa na bibi wa kumchokoza. Ila hawa wangu wanajua vizuri, wamenyamaza. Wameogopa kuonekana washamba.

Ninachoogopa mimi ni kingine. Kwetu mtoto anafuata ukoo wa mama, wa Zuhura atakuwa wetu. Huyo mtoto nikimwita mume wangu, atanikimbia?

Jumapili, tarehe 15

Simu imelia nikiwa nachambua mchele. Zuhura, kwenye grupu, mbele ya wote, kwa Kiswahili: "Mke mwenzangu, una wivu wewe! Njoo umchukue, anakoroma." Halafu akawaandikia Kizungu kirefu. Kijana mmoja wa kwetu aliyemo humo kanisomea: anawaambia bibi akikunyang'anya mume ndiyo kakupenda.

Baadaye sauti ya Salma. Kiswahili kinachechemea, masikini. "Shikamoo Bibi. Mimi sikujua. Kaka yangu... chukua tu."

Nimeisikiliza tena na tena. Nitamjibu, mwanangu yule. Nilikuwa nataka kusema kwamba ile kanga nyekundu...

Nani huyo? Hodi mlangoni. Sauti ya Idrisa: "Mke mkubwa yupo? Nimefukuzwa mjini, nimekuja na mkeka wangu!" Na Zuhura anacheka nyuma yake.

Naja, mume wangu. Naja.