Kilichokuwa Mgongoni kwa Dumu

Kaka Sime,

Shikamoo. Haya, nyamaza hivyo hivyo. Ulikuwa unanilazimisha kukuamkia kila asubuhi kwa sababu ya miaka miwili tu uliyonizidi, na sasa nakuamkia kwa hiari yangu, wewe huitikii.

Nina habari, na hakuna mwingine wa kumpa. Wametengeneza filamu ya midoli yetu! Ndiyo, ile ile ya plastiki ambayo mama alikuwa akiikuta kwenye mifuko ya makoti ya watoto kila alipofungua robota la mitumba pale Kabanga, akatuletea nyumbani Mugoma mmoja mmoja mpaka ikafika mitano. Mimi nilidhani duniani tunayo sisi wawili tu. Kumbe huko ilikotoka kila mtoto anayo, ina mji wake, ina majina. Nilipoona picha yao kwenye tangazo nje ya kibanda umiza, pale wanapoonyesha video, nilisimama katikati ya barabara mpaka mtu wa bodaboda akanitukana.

Unajua nilichokuwa nakitafuta. Mapigano yao hayanihusu. Nilitaka kumwona Dumu.

Wewe ulimwita Mama Mtoto, lakini barua ni yangu, nitamwita Dumu. Yule wa kijani mwenye mzigo mgongoni. Mimi nilisema hilo ni dumu la petroli, analivusha mpakani kwa njia za panya kama wale waliokuwa wakikatiza shambani kwa bibi. Wewe ukasema hapana, ni mama amebeba mwanawe. Nikakuuliza, mtoto gani ana pembe nne? Ukaninunia siku mbili. Halafu asubuhi moja ukaja mbio jikoni, "Mtoto amezaliwa!" Ukamtikisa sikioni kwangu, na kweli, ndani kitu kikagonga: ko, ko, ko. Nikasema ni petroli imeganda.

Tumebishana hivyo mpaka tukawa watu wazima wenye familia. Hata ulipolazwa, sauti imeshakwisha, ulinitazama ukaninong'oneza, "Kubali tu, ni mtoto." Nikakataa. Nilitaka ukasirike, unijibu, upate nguvu. Kaka, ningejua ningekubali siku ile ile.

Siku ya kuanua matanga wifi alitoa vitu vyako, na kopo la midoli likiwemo. Watoto wakagawana minne, na Jeni wako akamtaka Dumu. Nikamwambia, ngoja kwanza nijue huyu ni nani hasa, ndipo nikupe. Uongo mtupu. Niliona nikimtoa ndiyo ubishi wetu umekwisha, na mimi nilikuwa sijawa tayari uishe. Mtoto akasema, "Sawa, shangazi." Sasa kila nikifika kwao Kaniha, kabla sijakaa, anauliza: "Shangazi, umeshajua?" Sina pa kuficha uso.

Basi Jumamosi mchana nikafunga meza yangu ya mitumba mapema, nikaenda kukaa kwenye benchi na watoto wa watu, magoti yamenifika kidevuni. Mtafsiri na maikrofoni yake akamfanya mfalme wao aongee kama mjumbe wa nyumba kumi. Tulicheka! Na yule mwekundu, tuliyemfanya katekista wa kuwazika kuku wetu, unajua ni nani? Ni jambazi mkuu. Nimewaonea huruma wale kuku.

Nikamsubiri Dumu. Filamu ikafika katikati, hayupo. Nikaanza kuuliza moyoni, au wetu alikuwa wa kampuni nyingine? Mara gari lao likakwama, akaja. Kaka, ni fundi! Jina hana, mtafsiri alimwita "fundi" basi. Akabonyeza mabega yake yote mawili kwa pamoja, mfuniko wa mgongoni ukafunguka, akatoa spana. Spana! Tumekosea wote wawili. Nikacheka peke yangu mpaka watoto wakanigeukia.

Halafu kicheko kikanikauka. Wetu alikuja mfukoni mwa koti, hana spana hata moja, na mwanzoni alikuwa hagongi. Alianza kugonga asubuhi ile ulipokuja mbio. Sasa mle ndani mlikuwa na nini? Sikungoja mwisho wa filamu. Sijui hata kama mfalme alipona.

Nyumbani nikabonyeza mabega, wapi. Nikamloweka kwenye maji ya moto, nikabonyeza tena, mfuniko ukaruka. Likadondoka jino.

Jino lako la utoto, kaka. La mbele. Bibi alikuambia ulirushe juu ya paa uombe jipya, ukazunguka nyuma ya nyumba, ukarudi ukaapa umelirusha. Jipya likaota upande, hilo hilo lililokufanya ujulikane kila mnada kwa kicheko chako. Na bibi maskini alijilaumu kwamba alikuonyesha upande mbaya wa paa. Amekwenda kaburini anajilaumu, na wewe kimya! Mwongo mkubwa wewe. Nimelia, nimecheka, nimekutukana, sikumbuki nilianza na lipi.

Nikatoka nje nalo. Nilisema ngoja nilirushe kwenye bati, yaishe, bibi apumzike. Nikainua mkono, mkono ukagoma. Nikamkumbuka Jeni, wiki iliyopita alinichekea na pengo lake, pale pale mbele. Nikarudi ndani, nikaliweka jino mahali pake, nikafunga. Nikamtikisa. Ko, ko, ko.

Jumapili nikitoka kanisani napanda gari la kwenda Kaniha. Naahidi, sirudi na Dumu. Jeni akiniuliza kama nimeshajua, nitasema nimeshajua. Ya spana sitamwambia, ataiona filamu mwenyewe. Nitamwonyesha pa kubonyeza, nimwambie jino ni la nani, halafu nimwache akae nalo, awe kama yuko na baba yake. Na jina lolote atakalompa, sitabisha.

Pumzika, kaka. Msalimie bibi, na umwombe radhi, tafadhali.

Lile swali letu nimelifunga. Ni mtoto. Nimekubali.

Mdogo wako,
Vero