Moteri imepatikana, majani yamekwisha

Siku ya posho, Jumamosi, jioni. Joto la leo halikuwa na upepo hata kidogo. Nimechoka mpaka kwenye kope.

Naandika mguu ukiwa juu ya kiti. Kwa asiyenijua: huu mguu wa kuume ulivunjika kwa ajali ya pikipiki na haukuunga vizuri. Kusimama na kufyeka kwa panga siwezi tena. Kazi ninayoiweza ni moja, kuendesha ile mashine ya kukata majani yenye kiti na usukani, kwenye uwanja wa senta ya uzazi ya masere, watawa wa kike. Kwa miaka tisa ndiyo inayolisha nyumba yangu.

Na moteri yake imekufa.

Nimetafuta wiki tatu. Nyamianda kumejaa moteri za vinu, lakini chuma chao cha kuzungusha kinatokea ubavuni. Cha mashine yangu lazima kishuke chini, kwenye visu. Huko Sange nikapata moja ya kinu cha mpunga. Fundi Bahati akasema, "Papa Heri, hii tutailaza tu." Nami nikakubali, mjinga mzima! Tukailaza. Ikakohoa, ikatapika mafuta, moshi ukawafunika mama wajawazito barazani, halafu kimya. Aibu ya siku ile naijua mwenyewe.

Majani yakafika magotini. Nyoka akaonekana mlangoni pa wodi. Basi ni mimi, kwa mdomo wangu, nilimwambia Masere Mkubwa awaombe wakristo wafanye salongo, kufyeka pamoja bila malipo, mara moja tu, wakati natafuta.

Leo asubuhi nikaenda Makobola. Kuna mwalimu mzee huko, iko na mashine kama yangu. Magurudumu yameoza, lakini moteri ameifunika vizuri kwa turubai. Nikavuta kamba mara tatu, ikalia! Na chuma kinashuka chini. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mzee yuko tayari kuitoa, anataka tu barua ya masere.

Nikarudi mbio na huu mguu.

Uwanjani peupe, majani hakuna. Watu wamejaa, mapanga mkononi, wanaimba. Wakaniwekea kiti kivulini, wakanipa soda. "Papa Heri, weye pumzika, tumekufanyia kazi yako!" Walisema kwa upendo, najua. Soda nikaiweka chini ya kiti.

Masere Mkubwa akaja anacheka. "Papa, angalia vile Mungu iko muzuri! Salongo kila mwezi inatosha. Ile moteri tuiache kwanza."

Nikajibu, "Ndiyo, Masere." Ya Makobola sikuitaja. Ningeanzia wapi, na majani yenyewe hakuna? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niko ndani.

Jioni hii nimesali muda mrefu, mpaka mke wangu akaniuliza naomba nini. Nikamwambia naomba afya.

Uongo. Nimeomba mvua.

Mvua kubwa, ya siku nyingi, majani yapande haraka kuliko mapanga yao, Masere aniite mwenyewe. Nimeomba hivyo hapa Uvira, fasi ambako mvua inashusha mawe toka milimani mpaka vitandani mwa watu. Shemeji yangu nyumba yake ilikwenda na mto, mpaka leo analala kwa watu na watoto wanne. Na mimi naomba mvua, sababu ya majani tu.

Ee Mungu, usinisikie.

Ama nisikie kidogo tu.