Ghala la Mama Nyakio

Wamuyu, siamini nilichosikia sasa hivi. Tulikuwa tukichimba mtaro wa kuzuia maji kwa yule ajuza, shosho Nyakio, hapa Kabazi, naye akatuambia jinsi baba yake alivyokufa. Kumbe hakuugua!

Ilikuwa mwaka wa 1951, mvua haikatiki. Baba yake, Kahiga, alikuwa amechimba mtaro na kuinua ghala la mahindi juu ya nguzo ndefu. Mto ulifurika hata hivyo, ukaangusha nyumba.

Kahiga alimpandisha mkewe ghalani, kisha Nyakio, aliyekuwa bado mtoto mdogo.

Mkewe akapiga kelele, "Panda, Baba Nyakio! Panda!"

Unajua alijibu nini? "Mwanaume haingii ghala ya bibi yake."

"Hata leo?"

"Hata leo. Wataniita mwizi wa mahindi."

Eti akacheka! Maji yamemfika kifuani, naye anacheka.

Akakumbatia nguzo. Nyakio alikuwa akiiona kofia yake kupitia nyufa za sakafu, mpaka asiione tena.

Ghala halikutikisika.

"Nafasi ilikuwepo," shosho ametuambia. "Mimi nilikuwa nimenyoosha miguu."