Kabla Sijampigia Daktari

Jumapili, mchana. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu tu. Mtaa wetu hapa Nguvumali umetulia, hata jirani mwenye redio kubwa amenyamaza. Mwili umechoka, ila moyo uko sawa kuliko ulivyokuwa wiki nzima. Sijaandika hapa siku nyingi. Leo nina la kuandika.

Kesho asubuhi natakiwa kumpigia simu daktari wa Dar es Salaam nimpe jibu. Nifanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni, au niendelee mwenyewe kwa kujinyima na kutembea, kama nilivyofanya miaka yote.

Mimi ni mnene. Naliandika neno lenyewe kwa kuwa watu wanalizunguka. Wananiita bonge, mama wa afya, wengine wananisifu kwamba mume wangu ananitunza. Mwanzoni nilikuwa nacheka nao. Tangu sukari iingie na magoti yaanze kulia, kicheko kinakuja kwa shida.

Nafundisha chekechea Makorora. Miezi michache iliyopita nilikaa mkekani na watoto nikiwasimulia habari za sungura aliyekataa kuoga. Hadithi ikaisha, wakati wa uji ukafika, nikataka kuinuka. Goti likagoma. Nikajaribu kwa upande wa pili, likagoma tena. Watoto wakadhani ni sehemu ya hadithi.

"Tumvute Mwalimu!" akasema mmoja.

Wakanishika mikono yote miwili, wengine wakashika gauni, wakawa wananivuta huku wanaimba. Nilicheka nao, kwa kweli nilicheka, maana walikuwa na furaha kama wameshika kamba ya mashindano. Ila sikuinuka. Mwenzangu, Mwalimu Agnes, ndiye aliyeingia akaniona, akawatuma wote nje wakanawe mikono, akaniwekea kiti cha kushikia na bega lake. Nilipokwisha kusimama akanirekebishia mtandio wangu, akaenda kugawa uji.

Nikaenda chooni nikalia.

Jioni nikamwambia mume wangu, Bakari. Bakari anatengeneza mafriji na mapangaboi, ni mtu wa maneno machache, mwembamba tangu siku tuliyooana. Alikuwa ananisugua goti kwa mafuta ya karafuu kama kawaida yake. Akasugua mpaka nikamaliza kusimulia, kisha akasema, "Twende kwa madaktari wakubwa wakatuambie." Ndivyo tulivyofika Dar.

Kabla sijaeleza ya Dar, niseme hili. Mimi si mtu asiyejaribu. Nimekunywa maji ya ndimu na tangawizi mpaka tumbo likachubuka. Nimekula matango. Nimeacha wali, nimeacha mkate, nimeacha sukari, nimeacha kula jioni. Kuna mwaka nilipungua mpaka watu wakaanza kumvuta Bakari pembeni na kumuuliza naumwa nini. Nikashona magauni mapya. Magauni hayo yamo sandukuni, kwa sababu mwili ulirudi wote, ukaja na mwingine.

Kila ulivyorudi nilijiambia sina nidhamu. Nilijiambia mimi ni mtu wa tamaa. Maneno ambayo nisingemwambia mtoto yeyote wa darasani kwangu, nilijiambia mwenyewe mbele ya kioo nikijifunga kanga.

Daktari tuliyemkuta ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alisoma vipimo, akaniangalia, akauliza, "Mwalimu, umewahi kupungua?"

"Mara nyingi."

"Kisha?"

"Narudi."

"Unarudi na nyongeza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nasubiri aniambie nifunge mdomo. Badala yake akaniambia kwamba mwili uliokwisha kufika uzito huu huwa unapigania kurudi pale pale, unaongeza njaa, unabana matumizi ya nguvu, na kwamba hilo si uvivu wangu. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyevaa koti jeupe. Bakari akanishika mkono chini ya meza.

Halafu akatuambia na upande mwingine, hakuficha. Wanapitisha vyombo kwenye matundu madogo, wanaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na ikishaondolewa hairudishwi. Majuma ya mwanzo ni vyakula vya majimaji tu. Vidonge vya vitamini na kliniki ni vya maisha yote. Mshono unaweza kuvuja, inaweza kutoka damu, damu inaweza kuganda. Haitokei kwa wengi, akasema, lakini hutokea. Na mtu akishinda anakunywa soda na kumumunya pipi, uzito unarudi hata akiwa amepasuliwa.

"Upasuaji hauchukui nafasi ya kujitunza," akasema. "Kwa hali yako naona ungekusaidia. Lakini ukichagua kuendelea na mlo, sitakufukuza. Tutakupa mtaalamu wa chakula na dawa, tujaribu. Nenda ukafikiri na wenzako."

Suala la fedha tulilimaliza mimi na Bakari njiani wakati wa kurudi, silileti hapa. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi.

Bakari hakutaka nipasuliwe. Hakusema hivyo mara moja. Alichosema ni, "Tujaribu tena, safari hii mimi na wewe. Utakachokula ndicho nitakachokula." Kuanzia siku ile nyumba yetu ikala mchicha, samaki wa kuchoma, na wali wa kujaza kiganja. Chapati za asubuhi zikaisha. Baada ya swala ya alfajiri tulikuwa tunatoka kutembea, yeye ananishika mkono kama wachumba, mpaka goti likianza kunguruma tunageuza.

Nilipungua, sitasema uongo. Nilipungua kidogo na sukari ikashuka kidogo. Lakini kuna jambo sikumwambia hata yeye. Nilikuwa nawaza chakula muda wote. Nikiwafundisha watoto kuhesabu vifuniko, nawaza mkate wa nazi. Nikisali, nawaza. Niliijua njaa hiyo, tumekutana mara nyingi, na nilijua siku moja itanishinda tena kama ilivyonishinda zamani.

Bakari yeye alikuwa anakwisha. Suruali zake zikawa zinashikwa na mkanda tu. Mashavu yakaingia ndani. Alhamisi moja alirudi mapema, midomo mikavu, akakaa kizingitini. Alikuwa juu ya ngazi kwa mteja, anafunga pangaboi, akaona giza machoni. Bahati njema alishika boriti.

Nilipika ugali na maharage ya nazi, nikamwekea mbele, nikamwambia ale. Akakataa. Nikamwambia, "Bakari, wewe huna unachopunguza. Kula."

Akala. Alipofika katikati, machozi yakaanza kumtoka, akaendelea kula hivyo hivyo.

"Nakuogopea, Zaina," akasema. "Nitakusindikiza mpaka kwenye mlango ule, watakuingiza, halafu watoke wao peke yao. Ndiyo maana nasema tujaribu. Hata nikiisha mimi."

Nilikaa karibu yake nikamfuta uso kwa upande wa kanga, na nikajua kwamba mwezi mzima ule mwenzangu alikuwa anapungua kwa hofu.

Jana nikaenda Mwera kwa mama. Nilimwambia Bakari nakwenda kuomba radhi na dua. Hilo ni kweli, lakini si lote.

Nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza.

Mama yangu ana mwili kama wangu. Nimeuchukua kwake, pamoja na macho na sauti. Siku hizi haondoki uani. Ana kiti chake cha miti karibu na mlango wa jiko, anapikia hapo hapo amekaa, kila kitu kimewekwa mahali mkono wake unapofika. Akitaka kwenda ndani anashika ukuta, anapumzika, anashika tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umechujuka?"

Alikuwa anakamulia tui kwenye sufuria iliyo motoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, kuanzia mkeka wa chekechea mpaka daktari. Niliyasema yale mabaya kwanza, ya kuvuja na ya damu, ili apate pa kukatazia. Mama ni mtu wa kuogopa hospitali, hata akidungwa sindano humwomba Mungu kwa sauti. Nilijua ataruka. Niliingoja hapana yake kama mtu anavyongoja kivuli.

Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Watakukata wapi?"

Nikamwonyesha. Akanyoosha mkono akauweka tumboni kwangu, bado una harufu ya nazi, akauacha hapo. Sikumbuki mara ya mwisho mama kunigusa tumbo. Labda nilipokuwa mdogo nikiumwa.

"Utasikia?"

"Watanilaza, mama. Nikiamka ndio nitasikia kidogo."

"Nani atakuwa nawe?"

"Bakari."

"Na mie."

"Mama, utafikaje?"

"Nitafikishwa." Kisha akaanza kusema, haniangalii, anaangalia sufuria. "Mie harusi za watu nazisikia kwa ngoma. Binti wa pale jirani kaolewa, nimeletewa pilau hapa kitini. Kwako Nguvumali sijapafika hata siku moja, nasema nina kuku wa kuwaangalia. Kuku gani? Miguu hainichukui. Kiti hiki mie nimeshakaa, namshukuru Mungu, napumua. Lakini sitaki uje ukikae weye."

Nilimlalia mapajani kama mtoto. Akanipapasa kichwa mpaka tui lilipotaka kumwagika kwenye moto.

Tukala. Alikuwa amepika bada, ugali wetu ule wa muhogo, na samaki changu wa nazi, chakula ambacho tangu nina meno yeye hunipakulia bila kuniuliza. Nikimaliza anaongeza, nikimaliza anaongeza, na ukikataa anauliza nani amekuudhi. Jana nilikula kidogo kuliko kawaida yangu. Nilipoacha, akaushika upawa, akautia kwenye mchuzi, akaunyanyua, halafu mkono ukasimama hewani.

"Nikuongeze?"

Katika maisha yangu yote, mama hajawahi kuniuliza swali hilo.

"Hapana mama. Nimeshiba."

Akaurudisha mchuzi sufuriani. Akafunika. "Haya," akasema. Nikaelewa namwomba jambo zito kiasi gani. Mama hajui kusema nakupenda. Miaka yote amekuwa akisema kwa upawa ule, na sasa itabidi atafute namna nyingine, katika umri ule.

Nilipokuwa naondoka aliniita nikiwa nimeshafika kwenye lango la ua. Akaniambia tu, "Nipigie ukifika." Huwa haniambii hivyo. Huwa ananipa vyakula vya kubeba.

Kwa hiyo nimeamua. Sikuamua kwa kuwa mama kasema, ingawa kusema kwake kumenifungua. Nimeamua kwa kuwa nimeichoka vita ambayo naijua mwisho wake, na kwa kuwa kuna mtu mwenye elimu yake ameniambia naweza kupewa nguvu zaidi. Kuna wanaofanikiwa kwa mlo peke yake, nawajua, na Agnes ni mmoja wao, nampongeza kwa moyo. Mimi nimeijaribu njia hiyo kwa miaka yangu mizuri. Sioni aibu tena kusema haikunifikisha.

Najua kuna watakaosema nimekwenda njia ya mkato. Waseme. Nitakapokuwa nakunywa maji kwa vijiko watakuja kuniona, nitawakaribisha.

Leo baada ya chakula nikamwambia Bakari. Alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa kabla ya mvua. Akaendelea kukunja. Akakunja shati moja mara tatu, likafunguka, akalianza upya.

"Umeamua wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Hujaamua kwa sababu yangu? Kwa ile siku ya kizunguzungu?"

Nikafikiri, maana alistahili jibu la kweli. "Kidogo. Sitaki tuishe wote wawili."

Akaliweka shati juu ya mengine. Akasema bado anaogopa na hataacha kuogopa, kwa hiyo nisimwombe aache. Nikamwambia sitamwomba. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Akauliza supu ya mgonjwa isiyo na mafuta wala nyuzi inapikwaje, kwa sababu amesikia daktari akisema majuma ya mwanzo ni majimaji, na yeye anajua kupika chai na mayai tu.

Basi ndiyo kazi iliyopo jikoni sasa hivi ninavyoandika. Nimemwelekeza, nimeondoka. Amechemsha boga na karoti na kipande cha kuku, anachuja kwa kitambaa, nasikia vyombo vinaanguka, nasikia anajisemea peke yake. Amekuja mara mbili mlangoni na kijiko nionje. Ya kwanza ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Nilimwambia ukweli tukacheka mpaka nikashika ukuta. Ya pili ina ladha ya boga. Amesema ataipika kila siku mpaka siku ya safari, ili nitakapoihitaji awe ameshaijua.

Naogopa. Naogopa kulazwa, naogopa kutoamka, naogopa pia kuamka nikiwa mtu ambaye simjui, mtu asiyeweza kumaliza sahani ya mama yake. Nani atakuwa huyo? Atacheka kama mimi?

Sijui. Kesho kukikucha nitapiga simu na nitasema ndiyo. Bakari ameshasema atakaa karibu yangu nikipiga.