Kigari Kimepanda Mlima

Ijumaa

Kimepanda. Kile kigari cha umeme cha hoteli, kilichokuwa kinaishiwa nguvu katikati ya mlima mpaka wageni wanashuka kusukuma, leo kimepanda bila kuguna.

Kosa lilikuwa letu. Tulikifungia matairi makubwa ili kisikwame kwenye mawe, kumbe ndiyo yaliyokula nguvu ya kupandia. Leo nimerudisha madogo. Nilikuwa na hofu sana na harusi ya kesho, wageni wengi ni wazee.

Nikataka kukijaribu na bibi mzee, nyanya yake bwana harusi. Aligoma kupanda.

“Sisukumi gari na kitenge kipya.”

Tulipofika juu, akagoma kushuka.

“Turudi chini, mjukuu wangu. Wale wakwe walioko huko hawajaniona nikiendeshwa.”