Kitenge cha Papa na Nguo za Firmin Delorge

Troyeville, Johannesburg
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Octave,

Salamu zikufikie huko Lyon ukiwa mzima. Kifua chako kinaendeleaje? Sisi tupo. Baridi imeingia ndani kama mpangaji asiyebisha hodi, watoto ndio hao, Murielle ana mafua na Gaël anaota meno, kwa hiyo mkono mmoja unakuandikia, mwingine umembeba. Ukiona mistari inapanda mlima, usiniulize. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unanikata maneno.

Ujumbe wako kuhusu mwimbaji wenu, Firmin Delorge, nimeupata. Zile video nimezitazama zote nikiwa kwenye cherehani. Nilimwonyesha jirani yangu Jocelyne, aliyekulia Lubumbashi akimsikia redioni. Akapiga makofi: "Maman! Huyu mzee bado yuko? Si ndiye aliyeimba na kikaango kichwani?" Ndiye.

Mimi nimemfuata kifundi, kwa nguo zake. Mwaka 1978 anaimba ule wimbo wa mwavuli, amevaa koti la njano linalomzidi mabega, na Ufaransa nzima inaimba naye. Kisha akakataa kuuimba tena, akatoa santuri nzima ya miluzi, amevaa gauni la kuogea. Wakamcheka, akaendelea. Baadaye vikaango, na suruali ya mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Lakini mshono ni safi, Octave, hata kwenye upuuzi ule. Umeniambia mwenyewe kwamba mkewe ndiye alikuwa anamshonea, toka lile koti. Mke alipofariki, aliacha kuimba miaka kumi na mmoja, akawa anauza jibini sokoni. Sasa ana miaka sabini na mbili, amerudi, na mpiga gitaa wake ni wewe. Nimefurahi. Maneno yake mengine siyaelewi, ila nyimbo zimeungwa vizuri.

Sasa tuje kwenye kitenge.

Unasema ulienda mazoezini na lile shati la buluu lenye ndege weupe. Mzee akasimamisha wimbo, akakushika kola, akasema anataka wanamuziki wote wanane wavae hivyo, na yeye kanzu ya kuburuta chini. Ukamjibu, "Hakuna shida, dada yangu ni fundi."

Eish, Octave. Hakuna shida?

Hicho ni kitenge cha matanga ya Papa, baba yetu. Mama alikichagua Uvira, ukoo wote ukakivaa siku moja, wewe huko, mimi hapa, kwa sababu sisi wawili hatukupata njia ya kwenda kuzika. Kukivaa ndiko kulikuwa kuzika kwetu. Wewe ukilivaa shati lako kwa sababu ya joto, sikulaumu, ni lako. Lakini siwezi kuwashonea watu wasiomjua Papa, waruke nacho jukwaani, halafu Mama akione kwenye simu ya mtu.

Najua unaogopa. Ameshafukuza wapiga gitaa watatu, na ukimwambia ukweli anaweza kukuacha kwenye safari ya Septemba. Inawezekana. Siwezi kukuahidi kitu juu ya mzee nisiyemjua. Ninachojua ni kwamba tangu arudi, sijaona lile koti la njano mwilini mwake hata mara moja, na watu wanamlilia alivae. Mtu huyo anajua nguo ya marehemu ni nini. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtu. Na akikufukuza, utalia, utakula, utatafuta bendi nyingine.

Kazi sikatai. Hapa mjini vitenge ni vingi. Nimeona kimoja cha samaki wekundu kitakachomfaa kwa wazimu wake wote. Nikianza mapema, Agosti mwishoni zitakuwa tayari. Vipimo vya wenzako ninavyo, vyake hujavileta. Usivilete kabla hujamwambia. Siku nitakapoviona nitajua mmeongea, ndipo nitashika mkasi.

Msalimie Ignace unayekaa naye, na Mama Brigitte wa kanisani kwenu. Shemeji yako Anatole anakusalimu sana, yuko kazini Braamfontein, analinda mlango wa duka. Mungu akufunike huko uliko, akupe mdomo wa kusema na moyo wa kupokea jibu.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
dada yako Benita